Kimaasai Kimefika Nyotani, Tusikicheke

Wanafunzi wenzangu, juzi darasani mmoja wetu alisema ati Kimaasai ni lugha ya kuitia ng'ombe tu. Tukacheka. Hata mimi nilicheka, ingawa nyanya yangu kule Kajiado hana lugha nyingine.

Basi sikieni. Mwaka 2023 Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulikubali majina yaliyopendekezwa na Wakenya. Nyota ndogo nyekundu, GJ 1214, sasa ni Orkaria, yaani ile rangi nyekundu ya kujipaka. Sayari yake, inayoizunguka kwa saa 38 hivi, ni Enaiposha, maji mengi. Jina hilo ndilo lililozaa Naivasha. Kwa macho matupu haionekani, hata Kajiado penye giza kuliko Kitengela.

Naomba klabu yetu ikusanye maneno kama haya. Mimi nitaanza na nyanya likizo ya Agosti.