Tuwape Vijana Shamba la Wakfu

Ndugu Waislamu, Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu wapatao milioni 673 walikabiliwa na njaa duniani mwaka 2024. Tusidhani balaa hilo li mbali. Hapa Kiriba, muhogo ulio tegemeo letu hushambuliwa na batobato na michirizi ya kahawia, maradhi yanayoenezwa na nzi weupe, na pia nasi wenyewe tunapogawiana vipando vyenye ugonjwa.

Kufuturisha Ramadhani ni amali njema, lakini futari hushibisha usiku mmoja tu. Nabii Yusuf (a.s.) hakuishia kufasiri ndoto, alielekeza kulima na kuweka akiba miaka 7, kabla ya miaka 7 ya dhiki. Naye Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama katika mmea ni sadaka kwa aliyeupanda.

Vijana huitwa wavivu, ilhali ardhi imo mikononi mwa wazee. Basi mwenye ekari za ziada aiweke wakfu ekari moja kwa msikiti wake. Vijana wapande mbegu safi, wang'oe mashina yaliyougua, kisha wawagawie vipando majirani wote, Waislamu na wasio Waislamu.

Wabillahi tawfiq.