Mastaa, "Saa 2 Asubuhi" Sio Usiku wa Manane!

Baadhi ya mastaa wa Bongo (majina kapuni) wana mtindo mmoja unaokera. Tangazo la shoo linaandikwa Kizungu, halafu simu inaachiwa kazi ya kutafsiri. Matokeo yake bango linasema shoo itaanza saa 4 usiku na kuisha "saa 2 asubuhi". Mtu wa Kihagara akisoma hapo anajua watu watacheza mpaka watoto wameshaingia darasani. Kumbe staa alimaanisha saa 8 usiku!

Wadau, hili sio la kuchekea tu. Kule mwambao wa Ziwa Nyasa wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani na taa zao, na alfajiri mitumbwi inarudi. Mama mchuuzi akiambiwa "njoo alfajiri" halafu akatokea asubuhi, anakuta mchanga mtupu. Dagaa wameshanunuliwa, wengine wako juani wanakauka. Hela ya siku imeondoka kwa neno moja tu!

Mpangilio wenyewe ni huu. Saa 8 bado ni usiku wa manane. Saa 10 na saa 11 ni alfajiri, majogoo wanawika. Saa 12 kumepambazuka, asubuhi inaanza na kwenda mpaka saa 5 hivi, kisha mchana. Saa ya Kiswahili inahesabiwa tangu jua lichomoze, ndio maana saa 1 asubuhi kwenye simu inasomeka 7:00. Tofauti ni saa 6, sio dakika kumi za foleni.

Wageni wanaojifunza Kiswahili wasilaumiwe sana maana kila lugha ina mitego yake. Kwa Wahispania neno "mañana" ni asubuhi na pia ni kesho, hivyo kesho asubuhi kwao ni "mañana por la mañana". Saa 8 usiku wanaweza kuiita ya "madrugada" au ya "mañana", yote sawa. Na ukitaka kuwasalimia asubuhi unasema "buenos días", neno la asubuhi halimo kabisa. Anayehamisha mazoea ya huko kuyaleta huku lazima apotee.

Salamu nazo hivyo hivyo. "Asubuhi njema" ni dua ya kuagana, kama usiku mwema. Unapokutana na mtu ni "habari za asubuhi" au "umeamkaje". Na mkubwa wako anaanza kupewa shikamoo, hata kama wewe una wafuasi milioni. Mzee wa kijijini akirushiwa "asubuhi njema" kavu kavu atajiuliza mtoto huyu kalelewa wapi.

Kuna wanaojitetea kwamba lugha inakua. Sawa, ila lugha inayokua humwongezea mtu maneno, haimfikishi kwenye shoo watu wameshalala. UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na mastaa wanapenda kujiita mabalozi wa lugha. Balozi gani hajui alfajiri na asubuhi? Mgeni anamsikiliza staa kuliko mwalimu, akikosea staa wanakosea wengi.

Dawa ni rahisi: kabla bango halijatoka, asomewe bibi yeyote. Akiuliza "hiyo shoo inakesha mpaka jua kali?", rudini mezani.

Mdau, kwenu alfajiri inaanza saa ngapi? Tiririka hapo chini!