Ng'ombe wanne wa mahari na fungate ya Mutrah

Tulikaa kimya muda mrefu kwa sababu tulikuwa na harusi, na baada ya harusi tukawa na safari, na baada ya safari tukawa na maneno ya watu. Leo tunajibu maneno ya watu.

Binti yetu wa Wete anasomesha Issenye, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Huko ndiko alikopata mchumba, kijana wa hapohapo, aliyesilimu alipokuwa chuoni. Basi Shawwal iliyopita tulivuka bahari, tukaenda mpaka Mwanza, tukapanda basi la Bunda, halafu tukashika njia ya Nata kumuoza mtoto. Issenye ni mbali, tusidanganyane. Hifadhi iko jirani, na watu wanazungumzia tembo waliolala shambani kwao jana kama sisi tunavyozungumzia umeme kukatika. Lakini walitupokea vizuri mno. Mama wa bwana harusi, ambaye si Muislamu, aliwatafuta vijana wa Kiislamu wa kuchinja bila ya kuambiwa, na sufuria akanunua mpya.

Kasheshe ilianza kwenye mahari. Kwa mila ya kule mahari ni ng'ombe, na ng'ombe huenda kwa baba wa msichana. Waliletwa wanane. Sasa baba yuko Wete, ng'ombe wako Issenye, nani atawapandisha boti? Watu wakacheka, lakini binti hakucheka. Alisimama akasema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba katika dini yetu mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba wala ya mjomba, na Suratun Nisaa imelieleza hilo. Sheikh aliyefungisha ndoa akamuunga mkono. Wazee wa Issenye wakashauriana kwa lugha yao kwa muda, kisha mmoja akasema kama ni wake basi ni wake, na wakae zizini kwa mavyaa wake mpaka aseme anawataka.

Hakukaa mwezi, akauza wanne. Hakununua dhahabu wala kiwanja. Alinunua tiketi mbili, yake na ya mumewe, kwenda Muscat. Sisi mashangazi wawili tukajilipia zetu tukafuatana nao.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwetu kisiwani walisema: fungate gani hii na mashangazi wawili? Issenye walisema: bibi harusi kala ng'ombe zake. Na baadhi ya wasomaji wetu walituandikia kutuuliza kwa nini hatukumkataza.

Hatukumkataza kwa sababu tunaona alifanya jambo zuri, na tungependa mabibi harusi wengi zaidi walifanye.

Neno fungate wengi wetu tunalitumia bila ya kulifikiria. Ni siku saba. Bibi zetu hawakwenda popote. Walikaa ndani siku saba, na kilichotembea kilikuwa chakula: sahani zilizofunikwa kawa zikitoka kwa mama wa bibi harusi asubuhi, mchana na usiku, mikate ya kumimina, kuku wa kupaka, visheti, uji. Kila sahani ilikuwa na maneno yake, maana jirani akiona kilichopita anajua nyumba ile imemthamini vipi mtoto wao. Siku hizi fungate imekuwa hoteli. Bwana harusi anachukua mkopo, wanakwenda mji fulani siku tano, wanakula kile kifungua kinywa cha kujipakulia ambacho ni kilekile Dubai, Istanbul na Dar es Salaam, wanapiga picha za miguu yao kando ya bwawa, wanarudi. Ukimuuliza kule watu wanakula nini, anakwambia "chakula kizuri". Deni analilipa mwaka mzima.

Hatusemi kila anayekwenda hoteli kakosea. Lakini mji haujulikani kwa hoteli zake. Mji unajulikana kwa majiko yake, na jikoni hupaingii kwa kadi ya benki. Huingizwa na mtu.

Binti yetu alikuwa na mtu. Bibi mdogo wetu, tumwite Bi Mkubwa kama tunavyomwita sote, aliondoka Unguja kijana baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Akahangaika Dubai, kisha akaingia Muscat miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwafungulia mlango waliokuwa nje. Sasa ni mzee, anakaa al-Khuwair, na Kiswahili chake ni kile cha Malindi ya Unguja ya zamani, hata sisi kinatushinda.

Muscat tulifika siku chache kabla ya Iddi Kubwa, joto limepita digrii 40, baibui zimetuganda. Jioni tukashuka Mutrah, ambako ndiko bandari ya zamani. Ngome iliyo juu ya jabali waliijenga Wareno katika karne ya 16, na Waomani wakawatoa Muscat mwaka 1650. Chini yake kuna barabara ya pwani, soko la samaki, na suku yenyewe, vichochoro vilivyofunikwa ambavyo harufu ya ubani inakutangulia kabla hujaingia. Pembeni kuna Sur al-Lawatia, mtaa wa ukuta wa watu wenye asili ya Bara Hindi. Kuna Mabaluchi, kuna Wahindi wauza viungo, kuna vikongwe wanaouza baharati huku wakigombana kwa Kiswahili. Kwa mtu wa Unguja ni kama kuota ndoto ya mjini kwenu, lakini milima imehamia baharini.

Na chakula! Nguru yule tunayemjua kule ni kanad. Mishkak ya kando ya barabara ni mishikaki, hata jina halikusumbuka kubadilika. Mandazi yapo. Sambusa zipo. Papa mkavu yupo, anaitwa awal, na tuliokuwa tukijiona sisi peke yetu ndio tunaostahamili harufu ile tuliona aibu kidogo. Mkate wa rakhal, mwembamba kama karatasi, unapakwa kwa mkono juu ya chuma cha moto na unaiva kabla hujamaliza kuutazama. Halwa hupikwa saa kadhaa katika sufuria kubwa la shaba, wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, maji ya marashi, na mtu anayekoroga haruhusiwi kuchoka. Watu wa Wete tutasema halwa yetu haizidiwi. Kwa heshima ya waliotukaribisha tunasema zinalingana.

Haya si ajabu. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na mwaka 1861, miaka mitano baada ya kufa kwake, dola ikagawanywa, Oman kivyake na Zanzibar kivyake. Masultani waligawana. Vyungu havikugawanyika.

Lakini kisa tunachotaka kukisimulia kilitokea jikoni kwa Bi Mkubwa. Alisema anataka kupika wali wa nazi na mchuzi wa papa, akasema, "Nileteeni mbuzi." Kijana wetu wa Issenye akainuka, akatoka nje, akazunguka nyumba nzima kumtafuta mnyama. Tulicheka mpaka machozi. Mbuzi ya kukunia nazi Bi Mkubwa aliinunua Darajani, akaibeba ndani ya nguo zake, na nazi anapata za Salalah. Basi kijana akakalia mbuzi, akafundishwa kukuna, akakuna nazi tatu, vidole vikachubuka. Akawa anauliza maswali kama mwalimu anavyouliza. Akamuuliza: "Bibi, wewe nani alikufundisha kupika hivi?"

Bi Mkubwa angeweza kusema mama yangu, na sote tungeridhika. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mama yangu hakuwahi kukuna nazi. Alinifundisha mpishi wetu. Na mama yake mpishi alikuwa mjakazi, aliletwa kutoka bara akiwa mtoto, hata kwao hakupajua jina."

Jiko likawa kimya. Kijana akaendelea kukuna.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku visiwani mwaka 1897. Oman ulifutwa mwaka 1970. Sisi tunajua tarehe hizi, tumezisoma skuli. Tusichokizoea ni kuzitia ndani ya chungu. Tunawafunda mabibi harusi, tunawaambia hii biriani ni ya bibi yako, huu wali ni wa ukoo wetu, na tunajifakharisha kwa mapishi ya "Kiarabu" kana kwamba Mwarabu ndiye aliyekuwa akipuliza moto. Moto ulipulizwa na wanawake wa bara. Pengine wa mahali kama kwao huyu kijana, pengine pengine. Bi Mkubwa hajui na aliyejua hakuulizwa. Hatuoni kama kulisema hili kunamvunjia mtu heshima yake. Kutolisema ndiko kunakovunja heshima ya yule mama.

Na hili huwezi kuliona kwenye meza ya hoteli.

Usiku ule walizungumza sana, Bi Mkubwa na kijana. Alimweleza jinsi alivyouacha mji wake, nani hakurudi kumuona. Kijana akamweleza kwamba kwao Issenye, watu wakisikia habari za Waarabu wa Unguja, la kwanza kuulizwa ni lile la kununua watu, na mama yake mwenyewe alimuuliza kabla ya harusi. Bi Mkubwa akasema mama yako ana haki ya kuuliza. Sisi mashangazi, ambao tulikuwa tumeulizwa swali hilohilo na mama huyohuyo pale Issenye na tukajifanya hatukusikia, tulitazama mabakuli yetu.

Iddi tuliila kwa shuwa. Hii mkahawani utaipata, lakini ya kweli ni ya Iddi: nyama inapakwa viungo, inafungwa kwa majani ya mgomba au ya mtende, inatiwa ndani ya shimo la moto la mtaa mzima, shimo linafunikwa, na watu wanasubiri siku nzima, wengine siku mbili. Kila nyumba inautambua mfuko wake kwa alama. Wanaume walipofukua, kijana wetu alikuwa mbele, na akarudi na hukumu yake: nyama laini sana, lakini ng'ombe wa Issenye ana ladha zaidi kabla hajatiwa chochote. Hakuna aliyemuomba maoni. Waliosikia walicheka, wakamuongezea sahani.

Kwa mnaofikiria kwenda, machache. Rial moja ni dola 2.6 za Marekani, kwa hiyo bei ikionekana ndogo, ipige hesabu upya kabla ya kuchekelea. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, una ukumbi wa wanawake wa peke yake. Nendeni mkasali, msiende kupiga picha tu. Kahawa ukitosheka tikisa kikombe, ukikirudisha bila ya kutikisa utajaziwa mpaka usiku usilale. Na kuhusu mwanamke kusafiri na nani, masheikh wana maneno yao na hatuyaingilii. Binti yetu alikuwa na mumewe, na sisi wakubwa tulifuatana nao.

Kwa waliosema angebakisha ng'ombe wote wanane: wanne wamebaki, na wawili wameshazaa. Kwa waliosema angenunua dhahabu: labda. Dhahabu ni akiba, hatukatai, na sisi wenyewe ndio tunaowashauri wasichana wetu wawe nayo. Lakini mali ilikuwa yake. Tunawafunza kila siku kwamba mahari ni yako, kisha siku anayoitumia kwa anachokipenda yeye tunageuka kuwa wakaguzi wa hesabu. Bi Mkubwa ana umri ambao hatuutaji. Nazi atakuna miaka mingapi zaidi?

Walirudi Issenye na kilo mbili za halwa. Mavyaa alionja kwa ncha ya kidole, akauliza ndani mna nini. Binti akamtajia: wanga, sukari, zafarani, samli. Hayo mengine hayakumshughulisha, lakini samli aliikamata. Samli anaitengeneza mwenyewe, kwa maziwa ya ng'ombe wake. Akataka kujua ni ya ng'ombe wa aina gani, inachujwaje, akaonja tena, akasema hii iliungua kidogo.

Tulipopigiwa simu kuelezwa haya, kopo lilikuwa tayari limeshatumwa kwetu kwa basi. Lita tatu za samli ya Issenye, limefungwa plastiki mara mbili, jina la Bi Mkubwa limeandikwa juu kwa kalamu ya wino. Liko Wete jikoni sasa, linamsubiri mtu wa kwenda Muscat.