Kapasita Zisingojewe Zivuje

Wako waungwana, hasa katika makumbusho, washikao rai kwamba kompyuta ya kale isiguswe maadamu ingali ikifanya kazi. Naiheshimu rai hiyo, kwani chombo kilichobadilishwa vipuri hupoteza sehemu ya ushahidi wake. Hata hivyo, kuhusu kapasita za elektroliti, naona wamekosea.

Kapasita ya namna hii ni kopo dogo la alumini. Ndani yake mna tepe mbili za alumini zilizoviringwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kimiminiko kipitishacho umeme. Kizibo cha mpira hukizuia kimiminiko kisitoke. Nao mpira huzeeka. Tuitazame Macintosh SE/30, iliyotolewa mwaka 1989. Kapasita zilizolehemiwa juu ya ubao wake huvuja taratibu, pasipo kishindo. Kimiminiko huenea chini ya vipuri na kula njia za shaba, ilhali mashine yaweza kuendelea kuwaka kana kwamba haina neno. Sauti ifififiapo, au mistari ijitokezapo kiooni, ubao huwa umekwisha kuliwa. Kapasita mpya ni kitu cha bei ndogo. Ubao wa SE/30 hautengenezwi tena.

Sisemi kila kapasita ing'olewe. Zile za kauri aghalabu hudumu miongo mingi, na kila mara chuma cha kulehemia kigusapo ubao wa kale, njia ya shaba yaweza kubanduka. Zibadilishwe zile zijulikanazo kwa maradhi yake. BBC Micro ya mwaka 1981, iliyoenea sana katika shule za Uingereza, ina maradhi ya namna nyingine: katika kisanduku chake cha umeme mna kapasita za karatasi ambazo ganda lake hupata nyufa na kunyonya unyevu. Mashine iliyokaa miaka ghalani yaweza kuwashwa, ikafanya kazi dakika chache, kisha ikajaza chumba moshi.

Kabla ya kuhifadhi, betri itolewe kwanza. Ile ya lithi ya SE/30 ikipasuka huharibu kuliko kapasita zote, na mashine isiyo nayo husahau tu saa na mipangilio michache. Joto nalo ni adui: kwa kadiri, kila nyuzi 10 za Selsiasi ziongezekapo, umri wa kapasita ya elektroliti hupungua kwa nusu. Kwa hiyo stoo iliyo chini ya bati tupu haifai, wala mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa, kwani hunasa unyevu.

Wanafunzi wasifungue mashine hizi peke yao. Kioo cha SE/30 na kisanduku cha umeme cha BBC Micro huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Na kwa ajili ya wale waungwana, kapasita zilizotolewa zitiwe katika bahasha yenye tarehe, mikrofaradi na volti zake. Bahasha hiyo isiwekwe ndani ya mashine, maana kapasita iliyotolewa huendelea kuvuja.