Chipukizi la Mgomba Liwe Mali ya Nani?

Yamesemwa maneno mengi juu ya mimea iliyobadilishwa jeni, na mengi yamesemwa kwa hasira na watu ambao hawajapata kuingia maabara wala, tukisema kweli, kushika jembe. Wako wanaotuambia kwamba mimea hiyo ni sumu. Wako wanaotuambia kwamba ni mana iliyoshuka kutoka mbinguni. Sisi twapenda kulizungumza jambo hili kwa mmea mmoja tu, nao ni mgomba, kwa kuwa mgomba ndio chakula cha ndugu zetu wengi wa Kagera, na ndio ulio hatarini.

Mwaka 2001 ulionekana Uganda mnyauko wa migomba uletwao na bakteria. Ugonjwa huo ulikwisha kujulikana Ethiopia, katika ensete, mmea ulio ndugu wa mgomba, na wataalamu waliueleza mwaka 1968. Haikupita miaka mingi ukavuka mpaka na kuingia Kagera. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizipasua wakuta zimeoza ndani. Wadudu watembeleao ua dume huueneza, na panga la mkulima mwenyewe huueneza, atokapo shina hili kwenda shina lile. Dawa ya kuutibu mgomba ulioshikwa haipo. Kilichopo ni kukata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, kulipitisha panga motoni, na kung'oa mashina yaliyougua. Wakulima wamefanya kazi hiyo kwa bidii, nao wastahili sifa. Lakini jirani mmoja akizembea, kijiji kizima kimerudi kilikoanzia.

Mtu atauliza: kwa nini wataalamu wasizalishe mgomba wenye nguvu kama walivyofanya kwa mahindi? Jibu ni kwamba mgomba tuulao karibu hauna mbegu. Mkulima hupanda chipukizi, na chipukizi ni mama yake yule yule. Kuuchanganya na mgomba wa mwituni ni kazi ya miaka mingi, na mara nyingi matunda yake si yale ambayo mpishi wa Bukoba angeyakubali jikoni mwake. Ndiyo sababu wataalamu wakageukia njia nyingine, na njia hiyo walifundishwa na bakteria.

Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Marekani, Smith na Townsend, walionyesha kwamba uvimbe uotao kwenye mashina ya baadhi ya mimea waletwa na bakteria akaaye udongoni, ambaye leo aitwa Agrobakteria. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake, huko Seattle, wakagundua siri yake. Bakteria huyu ni mkoloni hasa. Huingia penye jeraha, hupachika kipande cha jeni zake ndani ya jeni za mmea, kisha mmea hutii amri ya mgeni: huota uvimbe, na hutengeneza chakula ambacho wenyewe haukitumii, ila bakteria ndiye akilaye. Msomaji aliyepata kusikia habari za mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni atautambua utaratibu huo mara moja.

Wataalamu walimnyang'anya mkoloni silaha zake. Waliziondoa jeni za uvimbe, wakaweka mahali pake jeni waitakayo, wakamwacha bakteria afanye kazi ya utarishi tu. Mwaka 1983 mimea ya kwanza ya namna hiyo ilipatikana. Na wale wasemao kwamba jambo hili ni kinyume cha maumbile, na wajue kwamba mwaka 2015 watafiti walitangaza kuzikuta jeni za Agrobakteria ndani ya viazi vitamu vya kawaida. Bakteria alizitia humo zamani, bila kumwomba mtu ruhusa, nasi twavila viazi hivyo kwa chai kila asubuhi.

Katika mgomba, seli za kuanzia hupatikana mara nyingi katika ua dume changa, lile lile ambalo ugonjwa hupitia. Seli hizo huwekwa pamoja na bakteria, na katika maelfu yake ni chache tu zinazoipokea jeni. Zitajulikanaje? Hapo huitwa shahidi. Mwaka 1987 Richard Jefferson, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, alieleza matumizi ya jeni iitwayo GUS, iliyotoka kwa bakteria wa tumboni. Jeni hiyo hutiwa pamoja na ile itakiwayo. Kisha kipande cha mmea hutumbukizwa katika dawa maalumu, na palipopokea hugeuka buluu. Tomaso mwenyewe angeridhika. Kipande kilichotoa ushahidi hufa, lakini njia imekwisha kuthibitishwa, na mgomba utakaopelekwa kwa mkulima hauna haja ya kumbeba shahidi huyo.

Haya si mambo ya Ulaya peke yake. Huko Kawanda, Uganda, tangu mwaka 2010 watafiti wa nchi hiyo pamoja na wenzao wa taasisi ya kimataifa ya IITA walipanda shambani migomba iliyotiwa jeni za pilipili hoho, wakaiambukiza mnyauko kwa makusudi. Baadhi ya migomba ilisimama mizima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Jeni hizo zilitoka Taiwan, kwa ruhusa ya kuzitumia Afrika bila malipo.

Hilo neno la ruhusa ndilo linalotutia wasiwasi, kuliko hayo ya sumu. Njia ya Agrobakteria yenyewe iligombaniwa na makampuni makubwa katika mabishano ya hataza yaliyochukua zaidi ya miaka 10. Jefferson, kwa sifa yake, aliigawa GUS kwa maabara nyingi za dunia, na mwaka 2005 yeye na wenzake wakatangaza bakteria wengine wawezao kufanya kazi ile ile, ili watu wasifungwe na hataza za wakubwa. Lakini taifa haliwezi kuujenga ulaji wake juu ya hisani ya mtu mmoja. Ruhusa iliyotolewa bure leo yaweza kudaiwa bei kesho.

Mwaka 2018 Serikali yetu iliamuru majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni huko Makutupora, Dodoma, yasimamishwe. Ilikuwa haki yake. Nchi yenye heshima haigeuzwi uwanja wa majaribio ya wengine. Lakini kusimamisha jaribio ni jambo moja, na kusimamisha elimu ni jambo jingine. Waaustralia walipouona ugonjwa wa Panama ukizitisha ndizi zao, Chuo Kikuu chao cha Teknolojia cha Queensland kilichukua jeni ya mgomba wa mwituni, kikaitia katika ndizi yao, na mwaka 2024 wakuu wa nchi hiyo wakaidhinisha ilimwe na iliwe. Walijiamulia wenyewe kwa kuwa walikuwa na watu wao wawezao kusoma matokeo.

Sisi tunacho kituo cha Maruku, karibu na Bukoba, na tunayo maabara ya Mikocheni hapa Dar es Salaam. Vijana wetu wapewe vifaa na mishahara ya kuwabakiza humo, wajifunze kumtuma bakteria na kumhoji shahidi, wapime pia hatari, ikiwamo ya kuwa ugonjwa waweza siku moja kuizoea jeni moja na kuishinda. Na mkataba wowote utakaotiwa sahihi juu ya mgomba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe hadharani vijijini, na useme waziwazi kama mama wa Muleba ataruhusiwa kumpa jirani yake chipukizi pasipo kumlipa mtu yeyote.