Tiba ya akili iwafuate watoto visiwani Lamu

Msomaji, tuseme una mtoto wa miaka kumi na mitatu huko Kizingitini, kisiwani Pate. Alikuwa mchangamfu. Sasa usingizi umempaa, chakula hakimpiti, shule haendi, na ukimwuliza ana nini hujibu kwa machozi. Utampeleka wapi?

Jirani atakwambia ni jini, akuelekeze kwa mganga. Mwengine atasema ni ujeuri wa kubalehe na dawa yake ni kiboko. Ukiyakataa yote mawili, jiandae kwa safari: boti hadi Amu, boti nyengine hadi Mokowe, kisha basi la zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa, ambako Port Reitz ina wodi ya wagonjwa wa akili. Ikishindikana huko, ni Mathari, Nairobi. Hesabu nauli, malazi, na siku ambazo baba hakwenda baharini. Wazazi wengi huishia kwa mganga, nami siwalaumu.

Wewe unayesoma haya ukiwa mjini huenda ukadhani kwamba watoto wa visiwani, wenye bahari na upepo mwanana, hawana la kuwasumbua. Hiyo ni Lamu ya kadi za watalii. Mpeketoni ilivamiwa usiku wa Juni 15, 2014, na zaidi ya watu 60 wakauawa katika mashambulizi ya siku hizo. Mtoto aliyekuwa na miaka minane wakati huo leo ni mtu mzima. Shule za Waboni katika wadi ya Basuba zilifungwa kwa sababu ya usalama, wanafunzi wengine wakahamishiwa Mokowe, mbali na wazazi wao. Wavuvi nao walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa, na njaa ya nyumbani humwingia mtoto hata kama hasemi. Juu ya hayo kuna unga. Tunawaita vijana mateja na kuwapita vichochoroni, wala hatuulizi ni huzuni gani iliyowafikisha huko.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Wengi wao hawahitaji wodi. Wanahitaji mtu aliyefunzwa kusikiliza, anayejua pia ni nani wa kupelekwa kwa daktari upesi. Na kuna kifafa, ambacho hadi leo watu hukitibu kwa kombe peke yake, ilhali kina vidonge vya bei nafuu ambavyo zahanati yaweza kuvitoa.

Zimbabwe walianza mwaka 2006. Daktari Dixon Chibanda, alipoona madaktari wa akili ni wachache mno, aliwafunza akina bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuzungumza nao hatua kwa hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Lamu haina haja hata ya kununua benchi; kila mtaa wa Amu una baraza zake za mawe.

Watu pia wapo. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamekuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba na mikoba yao. Wafunzwe kumtambua mtoto aliyezama katika huzuni kama wanavyomtambua mwenye utapiamlo. Mwalimu wa shule na maalim wa chuo wafunzwe pamoja, kwa maana maalim huaminiwa kuliko muuguzi, na neno lake kwamba dua na dawa havigombani lingefungua milango mingi. Muuguzi wa akili naye afike Faza, Siyu na Kiunga kwa siku zinazojulikana. Petroli ya boti isiwe kisingizio. Wakati wa kampeni haikosekani.

Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, imezipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Basi kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, wewe mwenye jamaa Lamu mpigie simu aende, aulize fungu la afya ya akili ya watoto ni shilingi ngapi, na boti hiyo itafika Kiunga mara ngapi kwa mwezi.