Kriketi: mikimbio ikifurika, lawama isimwangukie mrushaji peke yake

Malori ya shaba na kobalti yanayotoka Kolwezi hupita Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, yakavuka Zambia, na mengi huteremka mpaka bandari ya Durban. Kwenye njia hiyohiyo kuna jambo jingine linalokuja. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja mwaka 2027, Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia zimepangiwa kupokea Kombe la Dunia la kriketi ya siku moja, lenye timu 14. Zambia nayo, iliyofukuzwa katika Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, mwaka 2021, ilirudishwa mwaka 2025. Kwa wakaaji wengi wa Lualaba kriketi imekuwa shauri la wafanyabiashara Wahindi na mafundi wa Afrika Kusini waliomo migodini. Sasa unakuwa mchezo wa jirani.

Pamoja na kombe hilo utakuja ubishi wa zamani. Timu ikijaza mikimbio 350 au 400 kwa siku moja, mwenye kosa ni nani? Ni pichi, au ni warushaji? Jibu la haraka humwangukia mrushaji, kwa sababu yeye ndiye anayeonekana mbele ya watu wote mpira ukimtoka mkononi na kuishia kwa watazamaji. Jibu hilo halina haki, tena haliponyeshi ugonjwa wenyewe.

Kwa asiyeuzoea mchezo huu: pichi ni ukanda wa udongo ulioshindiliwa katikati ya kiwanja, wenye urefu wa mita 20 hivi. Mrushaji yuko upande mmoja, mpigaji yuko upande wa pili na gongo lake. Kila timu inapata ova 50, na kila ova ni mipira sita, maana yake mipira 300. Mpira ukivuka ukingo wa kiwanja bila kugusa chini ni mikimbio sita. Ukigusa chini kwanza ni minne. Silaha za mrushaji ni mbili: mpira kupinda hewani, na mpira kubadilisha mwendo ukigusa pichi. Pichi ikishindiliwa mpaka ikawa kama lami, silaha ya pili inakufa. Mpira unaruka kwa kimo kilekile kila mara, na mpigaji anajua mapema utafika wapi.

Mikimbio haikuwa mingi hivi tangu mwanzo. Katika mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja, Melbourne, tarehe 5 mwezi wa kwanza 1971, Uingereza ilipata 190 na Australia ikaipita kwa kufikia 191. Kwenye Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1975, kulikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. New Zealand iliipiga mikimbio 309, lakini wakati huo kila timu ilikuwa na ova 60. Miaka 47 baadaye, tarehe 17 mwezi wa sita 2022, Uingereza iliipiga Uholanzi 498 kwa ova 50 tu. Kabla ya hapo, tarehe 12 mwezi wa tatu 2006, Australia ilifunga 434 mjini Johannesburg, na Afrika Kusini ikaivuka siku hiyohiyo kwa 438.

Je, katika miaka hiyo yote warushaji wa dunia nzima walisahau kazi yao? Mfano mzuri wa kujibu swali hilo unatoka kwa jirani, Kenya, mwaka 1996. Tarehe 29 mwezi wa pili, mjini Pune nchini India, Kenya ilifunga 166 tu. Kisha warushaji wake wakaiangusha West Indies, timu yenye majina makubwa kama Brian Lara, kwa mikimbio 93. Siku sita baadaye timu hiyohiyo ya Kenya ilikuwa Kandy, Sri Lanka, na wenyeji wakafunga 398, rekodi ya dunia wakati ule.

Watu waliokuwa mashujaa siku ya kwanza waligeuka vichekesho siku ya pili. Lakini wapigaji wa Kenya nao, ambao Pune walishindwa kufika 170, walipata 254 huko Kandy. Pande zote mbili zilipiga sana. Kweli Sri Lanka ilikuwa na wapigaji hodari, na ndiyo iliyochukua kombe mwaka ule. Hata hivyo, pande mbili zikipanda pamoja namna hiyo, mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenye kiwanja.

Wanaowalaumu warushaji wana hoja yao pia, na inafaa isikilizwe. Kwenye Kombe la Dunia la 2023, mjini Delhi, Australia iliipiga Uholanzi 399, kisha Uholanzi ikaangushwa kwa 90 kwenye pichi ileile, siku ileile. Wiki moja baadaye, Mumbai, India ilifunga 357, na Sri Lanka ikaishia 55, Mohammed Shami akichukua wiketi tano kwa mikimbio 18. Kama pichi ndiyo kila kitu, namba hizo zimetoka wapi? Aasif Karim wa Kenya alitoa jibu kama hilo Durban, mwaka 2003, akiwa na miaka 39. Mbele ya Australia, mabingwa wa dunia, alirusha zaidi ya ova nane, akatoa mikimbio saba tu na kuchukua wiketi tatu.

Hapo ndipo maswali mawili yanapochanganywa. Swali la kwanza: siku ya mechi, kwa nini timu moja inapigwa zaidi ya nyingine? Hapo mrushaji anahusika, na uhodari wake unaonekana wazi. Swali la pili: kwa nini mikimbio ya timu zote, katika nchi zote, imepanda mwaka hadi mwaka? Hilo haliwezi kuwa kosa la kijana mmoja aliyerusha vibaya. Linawahusu wanaotengeneza pichi na wanaoandika kanuni.

Kanuni zenyewe zinasema mengi. Kuanzia mwezi wa kumi 2011, ICC iliamua kila zamu ya ova 50 ichezwe kwa mipira miwili mipya, mmoja kila upande. Kwa hiyo, mpaka mwaka 2025, mpira mmoja ulitumika ova 25 tu. Ulibaki mgumu, uliruka mbali ulipopigwa, na haukuchakaa vya kutosha ili warushaji wa kasi waupindishe kinyume mwishoni mwa zamu, silaha iliyokuwa ikiwatisha wapigaji. Mwaka uliofuata ikaamriwa kwamba wadakaji wasiozidi wanne ndio wakae nje ya duara la ndani, badala ya watano. Mrushaji akabaki na watu wachache wa kulinda ukingo. Magongo nayo yakanenepa kwa miaka, mpaka 2017 ndipo unene wa ukingo wake ukawekewa kikomo cha milimita 40.

ICC yenyewe imeonyesha kwamba kanuni zilipita kiasi. Mwaka 2015 ilimrudisha mdakaji wa tano nje ya duara kwa ova kumi za mwisho. Mwaka 2025 iliamua kwamba baada ya ova ya 34 timu inayorusha ichague mpira mmoja kati ya miwili na kumalizia nao. Kama kosa lingekuwa la warushaji peke yao, kwa nini wakubwa wa mchezo wamekuwa wakirekebisha maandishi yao wenyewe?

Kuna pia ukubwa wa viwanja. Sheria inaruhusu ukingo kuwa mita 59 tu kutoka katikati, ingawa unaweza kufika mita 82. Na kuna mwinuko wa nchi. Johannesburg iko juu kuliko Kolwezi, ambayo nayo iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, mpira unasafiri mbali zaidi. Nairobi nayo iko juu, na ni huko, tarehe 4 mwezi wa kumi 1996, Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 17. Mwenye kuweka ukingo karibu kwenye mji wa juu ameshachagua matokeo kabla ya mpira wa kwanza kurushwa.

Kwa nini wanachagua hivyo? Televisheni inataka mechi ijae siku nzima, na matangazo hayauziki mechi ikiisha mapema. Watazamaji nao hushangilia mapigo ya sita. Pichi ikiwatesa wapigaji, kelele inapigwa dunia nzima, kama ilivyokuwa New York mwaka 2024, pale ICC ilipotangaza kwamba pichi ya mechi mbili za mwanzo haikuridhisha. Pichi ikiwatesa warushaji, mara nyingi watu huita siku hiyo sikukuu.

Mwenye kulipa gharama ni mrushaji. Anapoteza jina lake na pengine nafasi yake katika timu. Watoto wa Kitwe, Harare au Windhoek watakaotazama kombe hilo watajifunza jambo moja: shika gongo, usishike mpira. Mchezo ambao hakuna mtoto anayetaka kurusha utakufa, hata kama ubao umejaa mikimbio.

Katika Lualaba, namna hii ya kulaumu inajulikana vizuri. Mchimbaji wa mikono anafikisha jiwe lake sokoni, anaambiwa teneur ni ndogo, na mashine ya kupimia iko mikononi mwa mnunuzi. Jasho ni lake na lawama ni yake, lakini kipimo si chake. Pengine jiwe ni baya kweli. Lakini hakuna atakayejua ukweli mpaka kipimo kiwe cha haki kwa pande zote mbili.

Ndivyo inavyotakiwa kufanywa kwa mwaka 2027. Wenyeji waache majani kidogo kwenye pichi, wasogeze ukingo mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu, hasa kwenye miji ya juu, na ICC ipime pichi inayowaua warushaji kwa ukali uleule inaopima inayowaua wapigaji. Hayo yakitimizwa, na bado timu ikapigwa mikimbio 400, hapo mrushaji aitwe ajibu.